Kocha Aliyebaki Nje ya Uwanja wa Wang Sai

Wasifu huu unasomwa kwa niaba ya familia na Chalao, dada mdogo wa marehemu. Waliowahi kula kuku wa kuchoma kwenye kibanda chake nje ya uwanja wanajua kwamba Chalao hajazoea kusema kwa kifupi, wala kwa upole. Familia imemwomba ajitahidi. Amekubali nusu.

Sanguan Kaeokla alizaliwa hapa Wang Sai tarehe 9 Mei 1952, mwaka 2495 kwa kalenda yetu ya Kibuddha, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Klom, aliyekuwa mpakiaji wa magunia kwenye kinu cha mpunga, na Mama Thongyu. Alizaliwa mdogo na mwembamba, ndiyo maana bibi yake akampa jina la nyumbani la Uan, yaani Mnene, akitumaini jina litamvutia mwili. Mwili haukuvutika. Unene wote uliishia viganjani, na tangu utotoni alikuwa na mikono iliyoonekana kama ameazima kwa mtu mwingine.

Alisoma shule ya msingi ya hekalu letu, kisha sekondari ya mkoa, ambako walimweka golini kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kujitupa kwenye mavumbi yale. Yeye alijitupa, na suruali zake mama yetu ndiye aliyezishona hadi zikaisha kitambaa cha asili. Mwaka 1974 alihitimu chuo cha ualimu Phitsanulok, akarudi hapa hapa kufundisha michezo. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya hadi alipostaafu tarehe 30 Septemba 2012. Wengi wenu mliokaa kwenye viti hivi aliwakimbiza mkiwa na kaptula.

Alilinda lango la timu ya mkoa kuanzia 1975 hadi 1988. Mwaka 1997 alikabidhiwa kuifundisha, timu ikiwa na mipira minne na nyavu zilizofungwa kwa kamba za kufungia mabua. Wakati ule wachezaji walikuwa walimu, askari na wauza matunda, na usafiri ulikuwa lori la mchele. Mwaka 2009 timu ikawa klabu ya kulipwa, ikaandikishwa kama kampuni, ikashonewa jezi nyekundu na kuitwa rasmi Majogoo wa Wang Sai. Yeye ndiye aliyeivusha kutoka huko hadi hapo. Hilo halina ubishi, ingawa mji huu unapenda ubishi.

Alifunga ndoa na Bunlom Sichan, fundi wa kushona, tarehe 16 Februari 1980. Asubuhi wazee waliwafunga nyuzi nyeupe za baraka kwenye vifundo vya mikono, na mchana bwana harusi akasimama golini akiwa nazo. Refa alimtaka azikate. Alijibu kwamba angemwacha refa akate mkono, si uzi. Siku hiyo hakufungwa, na bibi harusi hakumsemesha hadi kesho yake saa ya chai. Walijaliwa mtoto mmoja, Rachani, ambaye leo ni muuguzi.

Sasa lazima tuseme habari ya nadhiri, kwa sababu maneno yamekuwa mengi, na mengine yalisemwa hapa hapa hekaluni wiki hii watu wakidhani familia imelala.

Marehemu hakupenda nadhiri, na chanzo ni mwaka 2003. Timu ilikuwa nusu fainali ya kombe la mikoa. Mabeki wote wanne, wakiongozwa na Thongdam, walikwenda kimyakimya kwenye madhabahu ya Babu Mlinzi nyuma ya soko, wakaahidi kwamba timu ikifika fainali watanyoa vichwa na kuvaa njano ya watawa. Timu ikafika fainali. Kwetu huwezi kumwomba Babu jambo la pili kabla hujaondoa nadhiri ya jambo la kwanza. Kwa hiyo, wiki ya fainali, ukuta wote wa ulinzi uliingia utawani.

Kocha aliwafuata hekaluni. Akawakuta wamekaa mstari, vichwa vinang'aa. Ilibidi apige magoti kwanza, maana mtu akishavaa njano ni mkubwa wako, hata kama juzi ulimzungusha uwanja hadi akatapika.

"Mheshimiwa mtawa," alisema kwa meno yaliyobanwa, "utarudi lini kukaba?"

"Kocha, tukiivunja nadhiri, Babu atatuvunja miguu."

"Na tukifungwa?"

"Hilo hatukuliombea," alijibu Thongdam.

Walifungwa sita bila. Kuanzia siku hiyo marehemu alipiga marufuku. Mchezaji akionekana madhabahuni anakaa benchi. Alisema anayetaka kuahidi kitu aahidi kuja mazoezini mapema.

Basi ikafika 2012. Rais wa klabu wakati huo alikuwa Mheshimiwa Kamthon, aliyekuwa mbunge wetu. Kura zilipomtupa, na mapenzi yake ya mpira yalikufa hapo hapo. Akapata wanunuzi wa mkoa mmoja wa pwani wenye hoteli nyingi na wasio na timu. Akaita mkutano, akasema bila kupepesa macho: timu ikipanda daraja msimu huu, halmashauri ya mkoa itaichukua naye atajitoa. Isipopanda, leseni inauzwa. Jina litabadilika, jezi zitabadilika, na mwaka unaofuata timu itacheza pwani.

Chalao, aliyekuwa ameleta chakula cha mkutano, alimuuliza, "Mheshimiwa, na sisi watazamaji umetuuza pamoja, au tunabaki hapa kama mifupa ya kuku?"

Mheshimiwa alicheka peke yake.

Kila kitu kikaangukia mechi ya mwisho, Jumapili tarehe 28 Oktoba 2012, nyumbani, dhidi ya Ban Phlu. Sare haikutosha. Marehemu alikuwa amestaafu ualimu mwezi uliotangulia. Shule ilishampa saa ya ukutani na kumwaga machozi kidogo. Alichobakiwa nacho ni timu, na kila aliyemjua aliona kwamba hana habari mtu anafanya nini asubuhi kama hafundishi kitu.

Wiki ile mji ulijaa majogoo ya plasta ya kumtolea Babu. Watu walipanga foleni kwa Babu Mlinzi hadi muuzaji akaishiwa, akaanza kuuza yasiyo na rangi. Asubuhi ya mechi Chalao naye alikwenda na lake, akamkuta kaka yake amepiga magoti, ubani mkononi.

"Kaka! Si wewe uliyepiga marufuku?"

"Nilipiga marufuku wachezaji. Mimi sichezi."

Akaendelea. Alitaja jina lake, la baba yake, mtaa na namba ya nyumba, kama tunavyofanya sote ili Babu asije akakosea mtu. Kisha akasema, na Chalao alisikia kila neno: "Timu ikibaki Wang Sai, mimi sitaukanyaga tena uwanja wake. Si kama kocha, si kama mtazamaji." Akachomeka ubani kwenye mchanga, akainuka.

Chalao alimfuata. Mtu akiweka nadhiri husema muda. Mwezi bila nyama, mwaka bila pombe, wiki moja utawani. Asiyesema muda amejifunga kamba isiyo na ncha.

"Umesahau kusema mpaka lini," alimwambia. "Rudi, Kaka. Piga magoti, umalizie. Sema mwaka mmoja."

"Sikusahau."

"Ungeweza kuahidi kuacha bia!"

"Bia naipenda," alisema akivaa ndala zake. "Lakini Babu si mjinga."

Mechi ile wengi mliiona, na wasiokuwepo wamesimuliwa hadi wanadhani walikuwepo. Kipindi cha kwanza Ban Phlu waligonga mwamba mara mbili. Marehemu alikaa benchi aking'oa majani kati ya viatu vyake, akabakiza upara kwenye nyasi. Dakika ya sabini refa akawapa Ban Phlu penalti. Ngoma zilinyamaza. Mheshimiwa Kamthon, jukwaa kuu, alionekana akitazama simu yake. Mpigaji akapaisha mpira juu, ukaangukia paa la kibanda cha Chalao, ukavunja kigae ambacho hakuna aliyekilipa hadi leo.

Dakika ya themanini na nane tukapata kona. Thongdam, ambaye sasa alikuwa nahodha na nywele zake zilishaota na kuanza kupungua tena, alipanda na mabeki wawili mgongoni, akapiga kichwa. Bao. Uwanja ulipasuka. Zikaongezwa dakika tano, na katika dakika hizo tano kuna watu wazima wa mji huu waliokaa chini ya viti wakaziba masikio. Mpira ulipigwa nje, ukarudi, ukapigwa tena, ukarudi. Chalao aliacha kuku wake waungue. Filimbi ilipolia, watu hawakuamini, wakasubiri waone refa anafanya nini na mpira. Refa akauchukua kwapani, akaondoka. Timu imebaki.

Walimbeba kocha juujuu. Aliwaomba wamshushe. Akazunguka uwanja polepole, akagusa mwamba wa goli hili na wa goli lile, akatoka kwa lango la nyuma huku watu bado wanaimba jina lake. Kesho yake akaiambia halmashauri itafute kocha.

Mji huu ulimtendea vibaya baada ya hapo, na familia inalisema hivyo hivyo bila kulipaka sukari. Walisema amenunuliwa na timu nyingine. Walisema amedai cheo akanyimwa. Mtu alirusha maganda ya duriani yenye miiba uani kwake. Yeye hakujitetea, kwa sababu aliona kuitangaza nadhiri ni kumdai Babu sifa. Miezi ikapita hivyo, hadi Chalao, ambaye kunyamaza si fani yake, alipomwambia Bunlom, na Bunlom akaweka mkasi chini, akamfuata mumewe kwenye baraza.

"Kweli?"

"Kweli."

"Ukaona usiniulize?"

"Ningekuuliza ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo! Umemwoa nani, mimi au wale vijana ishirini na watatu?"

Alitazama upande wa uwanja. Mwishowe akasema, "Ingekwenda, Bunlom. Ingekwenda pwani, na Jumamosi hapa pangekuwa kimya hadi tunakufa."

Nyumba yao, kama mjuavyo, imetenganishwa na uwanja kwa barabara na ukuta. Kwa miaka kumi na miwili alisikiliza kila mechi ya nyumbani kutoka nje. Mwanzoni alikaa kwenye kibanda cha Chalao, ameegemea ukuta wa uwanja, akila wali wa kunata polepole, akitambua kwa mlio wa watu nani ana mpira. Mtu akitoka kumsimulia, alimkatiza: "Usiniambie, nimesikia. Kashika kipa, kautema."

Mwaka 2019, nadhiri ikiwa imeshajulikana mji mzima, timu ilifungwa mechi mfululizo, na hofu ikarudi. Mashabiki walikuja nyumbani kwake kundi zima, mbele yao Prachak, mpiga ngoma mkuu, ambaye leo yuko pale nyuma na ajue kwamba ameonekana.

"Mjomba Uan, tunauliza kwa heshima. Umeingia?"

"Sijaingia."

"Hata chooni kwetu? Siku ile ya mvua kubwa?"

"Nina choo changu, Prachak."

"Hatusemi unadanganya, Mjomba. Ila watu wamekuona unaegemea ukuta. Sasa tunajiuliza, ukuta ni uwanja au si uwanja?"

Chalao alishika koleo la mkaa. Marehemu akamzuia kwa mkono. Aliwatazama wale watu wazima, akaona kwamba hawatanii, wana woga wa kweli. Na jambo lililomuumiza, alikiri baadaye kwa mkewe, ni kwamba na yeye alishajiuliza swali lile lile. Akachukua kiti chake, akavuka barabara, akakaa upande wa pili. Hakuegemea tena ukuta ule maisha yake yote.

Agosti 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya mapafu. Alitibiwa katika hospitali ya mkoa, kisha Bangkok, kisha akasema inatosha, akarudishwa nyumbani. Rachani alimuuguza kwa mikono yake. Akiwa amelala sebuleni, dirisha lilifunguliwa kila Jumamosi, na wageni walikatazwa kukohoa kipindi cha pili.

Msimu ukaisha vibaya. Jumamosi ya tarehe 4 Mei 2024 tulikuwa na mechi ya mwisho nyumbani, timu ikiwa ya pili kutoka mkiani, na daktari ameshatuambia tusipange mambo ya mbali. Rachani hakumwambia mtu. Alikwenda kwa Babu Mlinzi na majogoo tisa na kichwa cha nguruwe, akaomba baba yake afunguliwe, akarusha zile mbao mbili za majibu. Zikaanguka moja kifudifudi, moja chali. Ndiyo. Akarusha tena, ndiyo. Mara ya tatu, ndiyo.

Akamvalisha baba yake jezi nyekundu, akamweka kwenye kiti cha magurudumu, akavuka barabara. Walinzi wa lango walipomwona walifungua milango yote miwili. Watu waliokuwa kwenye foleni ya tiketi walijitenga pande mbili. Kutoka pale kiti kilipofika, majani ya uwanja yalionekana.

"Simama," marehemu alisema.

"Baba, Babu amekubali. Nimerusha mara tatu."

"Ulimpa nini?"

"Kichwa cha nguruwe. Na majogoo."

"Umemhonga."

"Baba, tafadhali! Umelipa miaka yote hii. Inatosha."

"Tuko wapi kwenye msimamo?"

Ni mmoja wa walinzi aliyesema, kwa sauti ndogo, "Wa pili kutoka mwisho, Mjomba."

"Basi haitoshi."

Rachani alipiga magoti mbele ya kiti mbele za watu wote, akalia, akamwambia baba yake maneno ambayo binti anaruhusiwa kuyasema mara moja: kwamba anakufa, kwamba hakutakuwa na mechi nyingine, kwamba timu haiwezi kumpenda hata robo ya anavyoipenda. Marehemu aliweka mkono wake mkubwa juu ya kichwa cha mwanawe. Alisema, "Sitaki inipende. Nataka iwepo." Kisha akamwomba amgeuze kiti, kwa sababu majani yale alikuwa anayatazama, na hakuwa na hakika kama macho nayo hayahesabiwi.

Alisikiliza mechi akiwa ameipa mgongo. Ilikuwa sare ya bao moja kwa moja, na tulinusurika kushuka kwa pointi moja. Nani atatuambia ingekuwaje kama angeingia? Chalao hataki kujua.

Aliishi miezi mingine minne. Jumapili jioni aliuliza kama ratiba ya msimu mpya imetoka, akaambiwa mechi ya kwanza ni nyumbani. Akasema vizuri. Alifariki Jumatatu asubuhi, tarehe 9 Septemba 2024, mwaka 2567 kwa kalenda yetu, nyumbani kwake, Bunlom akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Usiku wa pili wa sala, Bi Wannipha, rais wa klabu, alikuja pamoja na Thongdam, ambaye leo ndiye kocha. Waliomba majivu ya marehemu yazikwe uwanjani, chini ya goli la kaskazini. Ombi lilitoka moyoni, na familia inalishukuru. Lakini lilitugawa.

"Amekufa," alisema Rachani. "Nadhiri imekufa naye. Mwacheni aingie."

"Mimi nilikuwepo," alisema Chalao. "Hakusema mpaka lini."

"Shangazi, tunataka kumpa heshima," alisema Thongdam.

"Heshima gani? Alifika langoni akiwa na kinywa chake, akakataa. Sasa hana kinywa ndiyo mumwingize?"

"Kwa hiyo akae nje milele?" Rachani alifoka. "Shangazi unaogopa timu ishuke! Hata wewe!"

Ilikuwa kweli. Sote tukamgeukia Bunlom, aliyekuwa akikunja vitambaa kana kwamba tunajadili habari za jirani. Alimaliza kukunja alichoshika. Akasema, "Ilikuwa yake. Aliianza mwenyewe, aliibeba mwenyewe, na ameifikisha. Msije mkamharibia hatua ya mwisho. Mpelekeni mtoni."

Kesho asubuhi tutampeleka mtoni.

Marehemu ameacha mjane wake Bunlom, binti yake Rachani, mdogo wake Chalao na kibanda chake chenye kigae kilichovunjika, wanafunzi wasiohesabika, na timu ya mpira iliyoko Wang Sai.

Jambo moja la mwisho, ambalo familia yenyewe imelijua juzi tu. Bunlom hakuweka nadhiri yoyote. Hata hivyo, tangu siku ile ya Ban Phlu hajaingia uwanjani hata mara moja, na mji uliokuwa ukichunguza kila hatua ya mumewe haukumwona. Rachani alipomuuliza kwa nini, alijibu, "Ningeingiaje? Ningerudi nyumbani nimeona, naye hajaona. Tungezungumza nini?"

Keshokutwa Jumamosi Majogoo wanafungua msimu. Bunlom amesema ataingia. Atakuja peke yake, kwa miguu, kupitia lango kubwa. Tunawaomba msimpigie ngoma wala kumwimbia. Mpisheni tu apite, akae anapotaka, aone.

Pumzika kwa amani, Kaka Uan. Sasa hudaiwi.